Kabla hujameza dawa ya kifafa, mwambie daktari na yale unayoona aibu

Mdogo wangu alipoandikiwa dawa za kifafa mara ya kwanza alikaa mbele ya daktari dakika kama saba hivi, akatoka na karatasi, akapita dirisha la dawa, akapanda daladala na jioni akameza kidonge na uji. Hakuulizwa kama kuna dawa nyingine anatumia na yeye hakusema, sisi nyumbani ndo kabisa hatukujua kama kuna la kusema. Baada ya hapo tulihangaika karibu mwaka. Kwahiyo hii naiandika kwa ambae ameandikiwa leo, yeye au mwanae au mama yake, na bahasha ya dawa bado iko mezani haijafunguliwa. Mimi sio daktari, ni kaka wa mgonjwa tu, ila nimeshinda sana kwenye mabenchi ya kliniki na nimeuliza maswali mpaka manesi wakawa wanacheka wakiniona naingia. Chukua haya uende nayo kwa daktari wako, usiyachukue ukajitibu.

Uhakika kwanza kama ni kifafa kweli

Huku kwetu mtu akianguka akatupa mikono watu washasema kifafa, au washasema karogwa, inategemea nani kafika kwanza. Lakini mtoto wa kuanzia miezi 6 mpaka miaka 5 anaweza kupata degedege la homa tu na isiwe kifafa. Malaria ikipanda kichwani inaleta degedege. Sukari ikishuka sana mtu anaanguka. Mnywaji wa gongo wa kila siku akiacha ghafla, ndani ya siku mbili tatu anaweza kutetemeka mpaka akadondoka. Hawa wote ukiwaanzishia dawa ya kifafa ya miaka na miaka, kile kinachowaangusha chenyewe umekiacha palepale. Kawaida madaktari wanaita kifafa pale mtu ameanguka angalau mara mbili, zimepishana zaidi ya saa 24, na hakuna sababu ya papo kwa papo kama homa au sukari.

Sasa daktari atajuaje wakati hakuwepo? Aliyeanguka mwenyewe hakumbuki kitu, kwahiyo aende kliniki na mtu aliyemuona kwa macho, na siku hizi simu ipo, mmoja amshike mgonjwa vizuri mwingine arekodi: macho yameenda wapi, mkono gani umeanza, imechukua muda gani. Video ya mdogo wangu alirekodi kijana mmoja wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, mkono wake unatetemeka karibu kumzidi mgonjwa, lakini ndo ilimsaidia daktari kuliko stori zetu zote. Ilionyesha mkono wa kulia unaanza peke yake kabla mwili mzima haujafuata. Hii ina maana kubwa manake dawa kama kabamazepini inafaa kwa kifafa kinachoanzia sehemu moja hivyo, ila kuna aina nyingine, zile za kushtuka-shtuka asubuhi au za mtoto kuzubaa sekunde chache alafu anaendelea kama hakuna kitu, hizo dawa hiyohiyo inaweza kuzizidisha. Kwahiyo dawa ya jirani hata kama imemponya jirani usiiguse.

Mfuko wa dawa zote

Hapa ndo penyewe. Siku moja kabla ya kliniki chukua mfuko (wa kitambaa, rambo zilipigwa marufuku tangu 2019 ingawa najua bado mmezificha chini ya godoro), zunguka nyumba nzima uweke humo kila kitu unachomeza. Kila kitu. Vya hospitali, vya famasia, vya mganga, unga wa mti uliofungwa kwenye gazeti, vya kuongeza nguvu, vyote. Alafu uumwage mezani kwa daktari. Shikamoo dokta, hizi ndo ninazotumia. Utaona aibu dakika moja, sio mbaya.

Kwanini nasisitiza? Dawa kadhaa za kifafa, hasa zile za zamani tunazopewa wengi, yaani fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini (hii wengi wanaijua kama Tegretol), zinaliamsha ini lifanye kazi kwa kasi, likawa linazivunja na dawa nyingine haraka kabla hazijafanya kazi yake. Na nyingine zinafanya kinyume, zinalizuia ini, dawa ya kifafa inajaa kwenye damu mpaka inakuwa sumu.

Mtu wa ARV asinyamaze hata kidogo. Vidonge vinavyotumika sana sasa vina dolutegraviri ndani, na dawa hizo tatu nilizotaja zinaishusha nguvu. Ukiwa kwenye kabamazepini daktari anaweza kukuongezea dolutegraviri ya pili baada ya saa 12, au akakupa dawa nyingine ya kifafa isiyogombana, mfano levetirasetamu. Yote mawili yanawezekana, lakini akijua. Usipomwambia utakuwa unameza ARV zako kila siku kwa uaminifu na virusi vinapanda. Kama hutaki kusema mbele ya ndugu waliokusindikiza, waambie wakakusubiri nje, daktari hatashangaa.

Dawa za TB nazo. Rifampisini inashusha baadhi ya dawa za kifafa, isoniazidi inapandisha kabamazepini na fenitoini, kwahiyo ukianza au ukimaliza dozi ya TB dawa ya kifafa inatakiwa iangaliwe upya. Mseto wa malaria, kabamazepini na fenitoini zinaweza kuupunguzia nguvu, ukitumia mseto na homa haishuki rudi kapime, usikae nyumbani ukisema malaria ya siku hizi sugu. Vidonge vya fangasi vya flukonazoli na kile cha erithromaisini ambacho tunakinunua duka la dawa kama pipi kikohozi kikianza, vinapandisha kabamazepini mpaka mtu anaona vitu viwili viwili na kutembea kama mlevi. Sipro, ile ya tumbo na mkojo, inaweza kuvuta kifafa kwa mtu ambae tayari anacho. Hata balungi linapandisha kabamazepini, nililicheka hili mara ya kwanza ila ni kweli.

Na tramado, kile kidonge cha maumivu. Wenyewe mnajua. Mdogo wangu alikuwa mvuvi wa dagaa upande wa Ukerewe, kazi ya kuvuta nyavu usiku kucha, mgongo unauma, vijana wa kambi wanapeana tramado kama karanga. Tramado inashusha kile kizuizi cha ubongo dhidi ya kifafa, mtu anaweza kuanguka hata kama hajawahi. Yeye alikuwa anameza dawa ya kifafa asubuhi na tramado saa mbili usiku, na hakumwambia daktari kwa sababu alijua atafokewa. Tulikuja kujua tulipozikuta kwenye mfuko wa koti la mvua.

Kingine cha watu wa ziwani ni kichocho. Zile kampeni za kumezesha dawa za kichocho, prazikwanteli, ni nzuri na kama unakaa mwambao unazihitaji, ila kabla hujameza mwambie mgawa dawa kwamba una kifafa. Sababu ni mbili. Moja, kabamazepini na fenitoini zinaivunja prazikwanteli haraka, unameza na kichocho kinabaki. Ya pili ni kubwa zaidi: kuna kifafa kinachotokana na vifuko vya tegu wa nguruwe vilivyokaa kwenye ubongo, na prazikwanteli inaweza kuviua kwa mkupuo, ubongo ukavimba, mtu akaanguka vibaya. Na kabla wapenda kitimoto hamjanirukia, kula nyama isiyoiva kunakupa mnyoo wa tumboni, ila hivyo vya kichwani vinatokana na mayai ya mnyoo huo kutoka kwenye kinyesi cha mtu, kupitia maji, mboga au mikono michafu. Hata asiyegusa nguruwe anaweza kupata. Kama kwenu nguruwe wanazurura na vyoo ni vya kubahatisha, mwambie daktari, anaweza kutaka picha ya kichwa kwanza.

Dada na mama, hapa msipite haraka

Vidonge vya majira, P2 (kile cha dharura) na vijiti vya mkononi vinaweza kushindwa kazi ukiwa kwenye kabamazepini, fenitoini au fenobabitoni. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi havisumbuliwi kihivyo, ndo maana nesi wa uzazi wa mpango anatakiwa kujua. Upande wa lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa, ni kinyume, vidonge vya majira vyenye estrojeni ndo vinaishusha yenyewe na kifafa kinarudi.

Alafu valproeti, inaitwa pia Epilim. Ni dawa kali na nzuri kwa aina nyingi za kifafa, lakini kwa mwanamke anayeweza kupata mimba ni ya kufikiria mara tatu. Mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi au kasoro nyingine, na hata akizaliwa mzima anaweza kuchelewa kuongea na kuelewa shuleni. Sio kwamba akiitumia lazima itokee, ila hatari ni kubwa kuliko dawa nyingine, kwahiyo binti akiandikiwa muulize daktari waziwazi, hakuna nyingine inayomfaa? Kama unapanga kubeba mimba ongea naye mapema, ubadilishwe taratibu na uanze foliki asidi kabla mimba haijaingia, manake mgongo wa mtoto unajifunga wiki za mwanzo kabisa wakati wengine hata hawajajua wana mimba. Na ukishagundua una mimba ukiwa kwenye dawa USIACHE mwenyewe kwa hofu. Kuanguka mfululizo kunaweza kuua wote wawili. Kimbia kliniki ukiwa bado unameza.

Kunyonyesha kwa wengi kunaruhusiwa, ila kwa fenobabitoni mtoto anaweza kuwa analala sana na hanyonyi vizuri, umuangalie.

Mwili wako wenyewe

Sema kama umewahi kuumwa ini, figo, damu au moyo, na kama kuna dawa iliyowahi kukutoa vipele. Ukivimba na dawa moja ya kundi hili unaweza kuvimba na ndugu yake, kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni ni kama watoto wa baba mmoja. Valproeti na ini bovu havipatani, na kwa mtoto chini ya miaka 2 wanaiogopa kabisa. Levetirasetamu inatoka kwa figo, kwahiyo mwenye figo dhaifu anapunguziwa dozi. Uliza kama utapimwa ini, figo na wingi wa damu kabla ya kuanza, ili baadae mkiona kitu mjue kimeanza lini.

Vipele nirudie. Miezi miwili ya mwanzo kila siku jiangalie ngozi. Ukiona vipele na homa, au vidonda mdomoni, macho mekundu, ngozi inauma au inabambuka, hiyo sio ya kupaka mafuta ya nazi wala kusubiri Jumatatu, ni hospitali siku hiyohiyo na bahasha ya dawa mkononi. Lamotrijini ndo maana inapandishwa polepole sana wiki hadi wiki, usiseme dozi ndogo daktari ananibania, ukiiparamia ndo inakutoa ngozi. Na ukichanganyiwa na valproeti inapanda karibu mara mbili kwenye damu, kwahiyo dozi yake inaanza ndogo zaidi.

Kuna na la moyoni. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa za kifafa kwa ujumla zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa watu wachache. Levetirasetamu inajulikana kwa hasira, mtu mpole anaanza kugombana na sufuria. Fenobabitoni kwa watoto wengine inawafanya wasitulie darasani. Kama ulishawahi kuwa na sonona au kutaka kujidhuru mwambie daktari kabla, na mwambie mtu mmoja nyumbani akuangalie tabia, wewe mwenyewe hutajiona.

Dawa utaipata wapi mwezi wa tatu?

Swali hili watu hawaulizi. Mwezi wa kwanza kila mtu ana hela na ana hofu. Mwezi wa tatu hujaanguka, nauli imepanda, ziwa limechafuka na meli ya Nansio haijatoka, unasema ntameza wiki ijayo. Kuacha ghafla ndo kunaleta kile kifafa kisichokata, mtu anaanguka anaunganisha na kingine bila kuzinduka, na fenobabitoni ni mbaya zaidi kwa hilo. Kwahiyo kabla ya kuanza piga hesabu: bei ya mwezi, nani anayo karibu na wewe, zahanati ya kwenu inaleta au mpaka uvuke kuja hospitali za Mwanza, Sekou Toure au Bugando. Kama dawa uliyoandikiwa haipatikani kwenu mwambie daktari siku hiyohiyo, bora mkaanza na fenobabitoni ya bei nafuu inayopatikana mwaka mzima kuliko ya kisasa ya mwezi mmoja. Wa visiwani omba ya miezi miwili na usiache stoo yako ishuke chini ya wiki mbili. Jaribu kubaki na ya kiwanda kilekile, wakikupa boksi jipya uliza.

Ukisahau dozi, meza ukikumbuka, ila kama inayofuata imekaribia acha hiyo endelea na ratiba, usimeze mbili kwa pamoja.

Na utunzaji, ambao ndo ulituchosha. Mdogo wangu alikuwa anaziweka kabamazepini kwenye kopo la siagi, anazitoa kabisa kwenye karatasi zake za plastiki ili zisijaze nafasi, kopo linakaa kwenye kibanda cha kambi, hatua kama kumi kutoka kwenye maji, kuta za mabanzi, unyevu unaingia usiku na mchana. Akaanza kuanguka upya. Mama akasema dawa imeshindwa, shangazi akatafuta mganga wa upande wa Sengerema, mimi nikaamini wote wawili. Siku moja kliniki daktari mwingine akamwambia toa kidonge nikione. Akakigonga mezani na kalamu. Kililia kama kokoto. Kabamazepini ikikaa kwenye unyevu inakuwa ngumu, haiyeyuki vizuri tumboni, inaweza kupoteza mpaka theluthi ya nguvu yake. Yaani mtu anameza dozi nzima na anapata pungufu. Toka siku hiyo vidonge vinabaki kwenye pakiti yake mpaka dakika ya kumeza, na vinakaa juu ya kabati, sio jikoni, sio karibu na mtungi wa maji, sio dirishani. Valproeti vilevile, usiitoe kwenye karatasi yake mapema. Na vile vidonge vinavyotoa dawa polepole usivisage wala kuvitafuna.

Wiki za mwanzo

Utalewa kidogo, utasinzia, pengine utaona mbili mbili. Mara nyingi inapungua, isipopungua rudi. Kabamazepini ina kichekesho chake, baada ya wiki chache inajizoeza kwenye ini na kiwango chake chenyewe kinashuka, kwahiyo usishangae daktari akiongeza dozi. Muda huo usiendeshe bodaboda, usipande juu ya bati, usioge ziwani, oga kwa ndoo na mlango usiufunge kwa komeo. Mtumbwini usiingie mpaka daktari akubali, na hata akikubali ni na jaketi la kujiokolea na mwenzako anayejua. Jiko la mafiga apike mtu mwingine, au lizungushie. Pombe na fenobabitoni vinazidishana kulaza, mtu anaweza asiamke.

Usingizi nao ni dawa. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa, kwahiyo mdogo wangu alikuwa halali siku nyingi mfululizo na anapumzika mbalamwezi ikitoka, ukiangalia daftari lake la kuanguka karibu zote ziko siku za giza. Tajiri wake, mzee mwelewa kweli, akamhamishia nchi kavu kwenye kuanika. Hela ilipungua. Kuanguka nako kukapungua.

Nyumbani wafundishwe kabla ya kidonge cha kwanza, manake dawa haikati siku moja: mlaze ubavu, ondoa vigumu pembeni, legeza nguo ya shingoni, usiweke kijiko wala kidole mdomoni, usimshikilie kwa nguvu, usimnusishe kiberiti, angalia saa. Ikipita dakika 5 au akianguka tena kabla hajazinduka, hospitali. Povu haliambukizi, mfute tu. Na mkikaa miaka miwili bila kuanguka, wa kusema tupunguze ni daktari, na inapunguzwa kwa miezi.

Mdogo wangu sasa ana karatasi ndogo nyuma ya kava la simu, kaandika mwenyewe kwa herufi kubwa: NINA KIFAFA. NATUMIA KABAMAZEPINI. NILAZE UBAVU. USINIPE TRAMADO. Chini yake namba yangu. Juzi konda mmoja aliiona akacheka, alafu akamuuliza kama anaweza kumwandikia na dada yake.